Chupa ya Dawa kwenye Sinia ya Futari

Chupa ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye kifuniko cha buluu, na ilikuwa imewekwa kwenye sinia ya futari katikati ya tende na bakuli la uji. Niliiona kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa limefungwa kwa mtandio wangu wa madrasa, na ndani yake mlikuwa na kipande cha jiwe tangu kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimekaa mkekani, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtoto anayengoja zawadi. Watu wazima wamenizunguka. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuichukua ile chupa. Walikuwa wanangoja adhana.

"Bado kidogo tu, mwanangu," mama aliniambia. "Umefunga siku nzima. Usiimwage funga yako mlangoni."

Nikaitikia kwa kichwa. Na hili ndilo linalonichoma mpaka leo, rafiki yangu, kuliko lile jiwe lenyewe. Nilikuwa naona fahari. Majirani walikuwa wanachungulia kutoka uani, wanasema mashaallah, huyu ndiye mtoto, na mimi nikakaza mgongo ili wanione vizuri.

Adhana ikatoka. Wakanipa tende kwanza, kwa sababu ndiyo sunna. Halafu wakanipa uji, kwa sababu tumbo lilikuwa tupu. Halafu wakasimama kuswali, kwa sababu magharibi ina wakati mfupi. Chupa ikafunguliwa baada ya salamu.

Basi, nimekuanzia pabaya. Ngoja nirudi nyuma, nikueleze kwa nini nimelitoa jambo hili leo baada ya kulifunika miaka yote hii.

Juzi nilikuwa nachagua mchele uani, hapa Busia upande wa Uganda, nikasikia kipaza sauti cha msikiti kinakohoa. Wakatangaza kwamba shule yetu ya Kiislamu itafunga kumi la mwisho la Ramadhani, na wazazi wanaombwa wasiwaache watoto wazurure bodani, pale mpakani, katikati ya malori. Kuna mpango mzuri umeandaliwa. Watoto watachukuliwa kila asubuhi kwa gari, watafundishwa kazi za mikono na dini, watarudishwa kabla ya futari. Mdhamini wa mpango, Mungu amzidishie umri, ni Hajji wetu. Wakamtaja. Ungo ukaniponyoka, mchele na mawe yake ukarudi kuwa kitu kimoja.

Sijamaliza kuzoa, binti yangu akaja mbio kutoka kwa wenzake. Ana miaka tisa. Akasimama mbele yangu akatoa ulimi, mweupe kama chaki.

"Mama, tazama. Mimi wangu ndiyo mweupe kuliko wa wote."

Wewe uliyekua mitaa kama yetu unajua habari ya ulimi. Mtoto aliyefunga ulimi wake hukauka ukawa mweupe. Aliyekula kwa siri ulimi wake ni mwekundu, na hakuna kiapo kitakachomsaidia. Sisi tulikaguana hivyo kila mahali, chooni, bombani, nyuma ya nyumba. Ulimi mwekundu ukikutwa nao, jina lako ni Kobe mpaka Idi, na wenzako watakuimbia uingize kichwa ndani ya gamba. Sikujua kama watoto wa siku hizi bado wanao mchezo huo. Nikamwangalia binti yangu alivyojitutumua pale na ulimi wake nje, nikajiona.

Baba yangu alikuwa dereva. Malori hayakuwa yake, yalikuwa ya huyo Hajji, ambaye siku hizo alikuwa bado hajaenda Maka na watu walimwita Mzee Tipa, kwa sababu ya matipa yake mawili ya kubebea mchanga na mawe. Baba aliendesha lori la tatu, la safari ndefu, na tukimwona nyumbani ilikuwa kama kumwona mgeni. Mama aliuza mitumba. Asubuhi anavuka upande wa Kenya kuchukua mzigo, mchana yuko sokoni, jioni anarudi na kichwa kinamuuma. Nyumbani alibaki nyanya, mama yake mama, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba. Hakuweza kutukimbiza.

Na bodani palikuwa patamu kwa mtoto. Malori yamepanga foleni mpaka hayaonekani mwisho, madereva wanapika chini ya matrela, mahindi yanadondoka kutoka kwenye magunia yaliyotoboka. Tulikuwa tunarukia nyuma ya magari, tunashuka upande wa pili, tunarudi kwa miguu tukipita nyuma ya maduka. Mwaka ule Ramadhani iliangukia likizo ndefu ya Desemba, shule zimefungwa, jua kali, na mama akawa analalamika kila jioni akivua viatu: "Mwezi huu shetani amefungwa minyororo. Hawa watoto je, nani amewafunga?"

Akaja wa kuwafunga. Mzee Tipa alikuja barazani kwetu na Maalim wa madrasa, kijana wa ndevu chache. Nakumbuka alikataa kiti, akasimama, funguo za gari zikilia mkononi.

"Mama, hawa watoto munawaacha na nani?" akamwambia mama. "Boda iko na wahuni wa kila namna. Sikia. Gari yangu inakwenda Osukuru kila siku, inakwenda tupu. Napakia watoto, Maalim anakwenda nao. Wanavunja kokoto kidogo, wanasoma kidogo, alasiri wako nyumbani. Na hiyo kokoto ni ya nani? Ya sakafu ya madrasa yenu. Thawabu inafika mupaka kwa wazazi."

"Na kufunga kwao?" mama akauliza.

"Watafunga," Maalim akasema. "Mtoto mwenye kazi hasikii njaa."

"Na yule atafunga mwezi yote bila kuvunja," Mzee Tipa akaongeza, akiniangalia mimi, "Idi nampa viatu. Vipya. Si mitumba ya mama yake."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu ambaye mume wake anaendesha gari la anayechekesha.

Sasa nikwambie kweli, maana ukiniona na uchungu utafikiri nilichukia tangu mwanzo. Nilipenda. Asubuhi zile nikizikumbuka bado moyo unaniruka kabla haujakumbuka kukunjamana. Nyanya anatuamsha daku, anatupa ndizi za jana zilizopashwa moto na chai ya tangawizi inayochoma koo, anatufunga mitandio huku anapiga miayo. Tipa linasikika kabla halijaonekana. Tunapandishwa mmoja mmoja kwa kushikwa kwapani, tunakaa juu ya bati la baridi, tumebanana kama kuku wa mnada. Gari likishika barabara ya Tororo tunaanza kasida. Upepo unatuibia maneno, kwa hiyo tunaimba kwa kupiga kelele.

Bulumbi palikuwa na watoto waliotungoja kila asubuhi kando ya barabara. Walikuwa Wakristo, watoto wa wakulima, wao likizo yao ni ng'ombe na shamba. Walikuwa wanainua mihogo ya kuchemsha juu tuione.

"Kujeni mukule!" wanatupigia kelele. "Mungu yenu haoni hii kona!"

"Muhogo yenu iko na wadudu!" tunawajibu, na mate yanatujaa mdomoni, na tunaogopa hata kuyameza.

Halafu mwamba wa Tororo unajitokeza mbali, kama mtu aliyeamka kukaa kitandani, na gari linakata kuelekea vilima vya Osukuru. Pale palikuwa na mawe yaliyolipuliwa, malundo kwa malundo, na wanawake wa vijiji vya karibu walikuwa wameshafika zamani. Kila mmoja na lundo lake, kivuli chake cha gunia, mtoto wake mchanga amelala kwenye beseni. Mlio wa nyundo unatoka kila upande, huu mzito, huu mwembamba, na vumbi limekaa juu ya yote kama unga.

Wanawake walikuwa na pete. Si pete ya kidole. Walikuwa wanakata mpira wa tairi, wanaupinda duara, wanaufunga kwenye mpini wa waya. Unalizungusha jiwe ndani ya ule mpira, unapiga, na vipande vinabaki humohumo, haviruki. Mwanamke aliyekaa karibu na lundo letu, ambaye tulimwita Mama wa Beseni kwa sababu ya mtoto wake, alinipa pete yake ya zamani siku za mwanzo. Ilininukia tairi mkononi mpaka wakati wa kula.

Maalim alikaa kwenye kivuli chake na juzuu na kifimbo. Anasoma aya, sisi tunaipokea, na nyundo zinaifuata. Nilihifadhi sura nyingi namna ile, na hata leo nikiswali, kuna aya nikifika mkono wangu wa kulia unastuka wenyewe. Adhuhuri anatupanga mstari kukagua ndimi. Wenye ndimi nyeupe wanakaa mbele wakati wa kurudi, nyuma ya kichwa cha gari, ambako vumbi halifiki. Makobe wanakaa kwenye mlango wa nyuma, wanafika nyumbani wamekuwa wazee wenye mvi. Mimi sikukaa nyuma hata siku moja.

Krismasi ilitukuta humohumo katikati ya mfungo, na siku hiyo tipa halikwenda. Jirani yetu, mama mmoja Mkristo wa kabila la Wasamia, alituletea sahani ya wali na kuku saa ya mchana kama alivyofanya kila mwaka, halafu akakumbuka, akashika kichwa. Nyanya akaipokea kwa mikono miwili, akaifunika kwa ungo, akamwambia, "Hii tutafuturu nayo, na dua ya kwanza ni yako." Sisi watoto tukaizunguka ile sahani kama paka mpaka jua likazama. Sijala kuku mwingine mtamu kama yule. Nayasema haya ili ujue kwamba watu wangu hawakuwa wabaya. Ningekuwa na nafuu kama wangekuwa wabaya.

Baada ya Krismasi, Maalim akaambiwa tipa linarudi halijajaa. Akapita kwenye malundo yetu anakusanya zile pete za mpira. "Hizi zinachelewesha," akasema. "Shikeni kwa vidole, mwaogopa nini?" Mimi yangu ilikuwa ya kupewa, lakini nikaitoa kama wengine. Nilitaka aone kwamba sichelewi.

Jiwe lilikuwa langu na nyundo ilikuwa yangu. Hakuna mtoto mwingine wa kulaumu. Nilipiga, nikasikia kitu kama mtu amenitemea jichoni, halafu dunia upande ule ikawa nyekundu, halafu ikawa maji. Nilikaa chini. Sikulia mara moja, kwa sababu nilikuwa nafikiri kama machozi yakiingia mdomoni yanafunguza.

Mama wa Beseni alifika na kibuyu chake cha maji kabla Maalim hajainuka.

"Leta uso hapa, mama," akaniambia. "Fungua. Fungua tu."

"Usimwagie," Maalim akasema. "Amefunga. Maji yataingia kooni."

"Mutoto mudogo namna hii, Mungu gani atamukasirikia kwa maji ya jicho?"

"Wewe dini yetu huijui."

"Dini yenu sijui. Lakini huyu iko na jicho mbili tu. Peleka yeye hospitali, Tororo iko hapa karibu."

Ilikuwa karibu kweli. Ule mwamba niliuona kwa jicho lililobaki. Dereva wa tipa alikuwa amelala chini ya gari na funguo mfukoni.

Hapo ndipo Maalim alipofanya jambo ambalo nimelizungusha kichwani maisha yangu yote. Aliinama akaniuliza mimi. Mbele ya wenzangu wote, ambao walikuwa wameacha nyundo na wamekuja kutazama, aliniuliza: "Wataka kufungua funga yako?"

Mtu mzima, mwenye ndevu na kitabu, anamuuliza mtoto mwenye jiwe jichoni. Nikaviona vile viatu. Nikasikia Kobe, ingiza kichwa. Nikasema sitaki.

"Mmemsikia," akamwambia Mama wa Beseni. Akanifunga mtandio wangu, wakaniweka kivulini, na nyundo zikaanza tena. Tipa lilikuwa bado halijajaa.

Njia ya kurudi sitakusimulia. Unajua ilivyo barabara ile, na nilikuwa nimekaa juu ya kokoto. Walinipa nafasi ya mbele.

Nyumbani, Maalim alitangulia kwenda kwa Mzee Tipa, kwa hiyo mama alipotoka sokoni akiwa anakimbia, mzee alikuwa ameshafika barazani. Muuza dawa wa pale njiani alikuwa amekuja mwenyewe na ile chupa. Hakuwa Mwislamu. Alinifungua mtandio, akatazama ndani ya jicho, akaufunga tena polepole.

"Hii dawa ni ya kusaidia usiku tu," akasema. "Muweke sasa hivi, halafu muende Tororo, hospitali kubwa. Leo."

"Leo gari iko na mzigo," Mzee Tipa akasema. "Kesho tutaona. Na hiyo dawa nayo, wewe hujui? Mutu akiweka kwa jicho anasikia uchungu kwa ulimi. Inafika kooni. Mutoto amevumilia mchana yote, munataka mumuharibie saa ya mwisho?"

Muuza dawa akamwangalia mama. Mama akaangalia chini. "Mambo ya funga mimi sina neno," muuza dawa akasema. Akatafuta pa kuiweka chupa, na mahali palipokuwa wazi palikuwa kwenye sinia. Akaiweka hapo, akaenda zake.

Nyanya peke yake ndiye aliyenung'unika. Alikuwa anakoroga uji, akasema bila kugeuka, "Mtoto hajavunja hata ungo. Funga gani hiyo inayomlazimu?"

"Mama, tafadhali," mama akamnyamazisha kwa sauti ya chini. "Mzee yuko hapa."

Nyanya akaendelea kukoroga. Mlio wa ule mwiko kwenye sufuria nausikia mpaka sasa.

Kilichofuata unakijua, nimeanza nacho.

Kesho haikuwa kesho. Gari lilikuwa na mzigo tena, halafu likaharibika, na tulipofika Tororo kwa basi jicho lilikuwa limeshavimba na linanuka. Njiani mama alinifundisha la kusema. Niseme ni mwiba, nilikuwa natafuta kuni. Mzee Tipa ndiye aliyempa maneno hayo, kwa sababu, alisema, watu wa serikali wakisikia watoto na mawe wataifunga madrasa, na dhambi itakuwa yetu. Nesi akaniuliza, nikasema mwiba. Akaniuliza mwiba wa mti gani. Nikamwangalia mama. Nesi akauliza tena, safari hii akimuuliza mama, "Na kwa nini mulikawia hivi?" Mama alikuwa anahesabu vigae vya sakafu, au sijui alikuwa anafanya nini, lakini hakuinua uso.

Siku ya Idi walinisimamisha mbele ya msikiti na bendeji yangu. Mzee Tipa mwenyewe alinivika viatu, vyeupe, vya kamba, na Maalim akaleta takbiri na watu wakaitikia. Mtoto wa mfano. Aliyepata msiba akalinda funga yake. Mama akapiga magoti kumshukuru, magoti yake na gauni lake jipya kwenye vumbi, na nikaona majirani wanafuta machozi ya furaha. Vile viatu nilivipenda. Nilivilalia. Nataka ulijue hilo nalo.

Mwaka uliofuata Mzee Tipa akaenda Maka, akarudi Hajji.

Mimi nilirudi shuleni, wakanipokea kwa jina jipya. Kobe ni jina la mwezi mmoja. Chongo ni la maisha. Nilivumilia mpaka darasa la tano, nikaacha. Wazee wetu husema ukipenda, chongo huita kengeza. Mama aliliita kengeza. Akiulizwa na wateja wake sokoni, alisema, "Huyu wangu ana kengeza kidogo." Lakini mwenzangu, hakuliita hivyo kwa mapenzi. Alinipenda, sikatai. Ile ilikuwa aibu tu, na nilijifunza kwake. Mpaka leo kwenye harusi nakaa upande wa ukuta. Picha zangu zote ni za ubavu. Binti yangu aliwahi kuniuliza kwa nini, nikamwambia mwiba.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza sheikh mmoja mgeni aliyepita hapa, nikijifanya nauliza ya jirani. Akaniambia mtoto hana faradhi ya kufunga, na mgonjwa ana ruhusa yake, na dawa ya jicho wanazuoni wengi wanasema haimfunguzi hata mtu mzima. Aliyasema hayo huku anatafuta kandambili zake mlangoni, kama jambo jepesi. Nami nikamshukuru. Bado nafunga. Sijagombana na Mungu, kwa sababu Mungu hakuwako barazani akisema dawa ingoje. Waliokuwako nawajua.

Na kokoto? Nenda madrasa ukaangalie. Sakafu ni udongo. Watoto wanakaa kwenye mikeka juu ya udongo, na mvua ikinyesha mikeka inaanikwa. Ukitaka kuona kokoto yetu, simama mahali malori yanapoanza foleni, utazame lile ghorofa la Hajji, maduka chini, vyumba vya wageni juu. Lilianza kuchimbwa msingi siku chache baada ya Idi ile. Sisi watoto tuliyaona malundo yetu yanakorogwa na saruji. Tuliyajua, maana mtu anayajua mawe yake. Tukaambiwa yameazimwa tu.

Mengi ya wakati ule hayapo. Matipa yote mawili yameoza nyuma ya gereji, majani yameota ndani ambako tulikuwa tunakaa. Nyanya alikufa akiwa ananishika uso upande huu wa jicho. Baba naye gari lilimchukua huko huko safarini. Bulumbi nikipita sioni watoto wa mihogo, nao sasa watakuwa wana watoto wao. Maalim ni mkubwa wa shule upande wa Kenya, na tukikutana sokoni huwa anakumbuka kitu alichosahau dukani. Kasida zenyewe nimezisahau maneno, nimebaki na mlio.

Jana nilimwendea mama. Amezeeka, anakaa kwa kaka yangu, anasoma tasbihi mchana kutwa. Nilimkuta ameshalisikia tangazo.

"Mpeleke mtoto," akaniambia kabla sijakaa. "Atafanya nini nyumbani? Boda imekuwa mbaya kuliko zamani."

"Mama, gari ni la nani?"

Akazidi kuvuta tasbihi.

"Mama. Ile chupa, kwa nini ilingoja?"

Vidole vyake vikasimama kwenye tasbihi. Miaka yote hii hatukuwahi kuitaja chupa, hata kwa bahati mbaya.

"Baba yako alikuwa kwenye gari la Hajji," akasema. "Ningesema nini mbele yake, mimi? Ningesema nini?" Halafu akasema, "Hata Hajji mwenyewe nadhani hakujua itafika pale."

"Alijua mwiba lakini."

Mama akafunika uso kwa mtandio wake. Nikakaa naye mpaka adhana, tukafuturu wote wawili kwa sinia moja, na hakuna aliyeweza kumwangalia mwenzake. Sikumkasirikia. Nilimwonea haya, na nikajionea haya kwa kumwonea.

Lakini wewe, Hajji, sikuonei haya tena. Nimeandika haya kwa mkono wangu, na makosa ya mtu aliyeishia la tano, na nitampa kijana wa maktaba ya msikiti ayabandike pale wanapobandika ratiba ya futari. Gari lako litakuja mtaani kwetu alfajiri. Binti yangu hapandi. Nitasimama naye mbele ya radieta nikiwa nimevua mtandio, uso wote, pande zote mbili, na wazazi wengine wataniona kabla hawajainua watoto wao kuwapandisha.

Usimtume dereva. Usimtume Maalim. Shuka mwenyewe, utuambie mbele ya watoto mambo mawili tu. Nani alikupa ruhusa ya kusema dawa yangu ingoje? Na ile sakafu ya madrasa tuliyoivunjia mawe iko wapi?